Matofali Hayataki Upepo

Asubuhi ya leo niliamshwa na harufu ya pumba za mpunga zinazoungua, na kabla sijafungua macho nilikuwa nimeshakasirika. Harufu hiyo naijua. Si ya kuni wala si ya mkaa. Ni harufu nzito yenye utamu wa uongo, kama uji ulioungulia chini ya sufuria, na ukiivuta mara mbili tatu koo linaanza kuwasha. Nilikaa kitandani nikasema peke yangu, "Haya, wameanza."

Mama yangu, ninayeishi naye, na ambaye masikio yake ni mazima kuliko miguu yake, akanijibu kutoka chumba cha pili. "Ni baridi tu, Vero. Funga dirisha."

Baridi tu! Ndugu zangu, mnivumilie, maana neno hilo likitajwa ndani ya nyumba hii mimi siwezi kunyamaza. Watu wa mtaa wetu hapa Bagara, mjini Babati, wananijua kwa mdomo. Kazi yangu ni kufuma masweta ya shule, na wanasema Mama Anjela akianza kuongea hata mashine yake inaona aibu. Sawa, waseme. Kila mwezi wa sita kina mama wananijia na watoto wanaokohoa. "Mama Anjela, nifumie zito, huyu mwanangu baridi itamuua." Napima mabega ya mtoto, nafuma, nauza. Kwa hiyo nami nakula kwa baridi hiyo hiyo inayonichefua, na hilo pia linaniudhi. Lakini leo nataka niwaambie habari za Anjela. Si huyu binti yangu, bali Anjela wa kwanza, mdogo wangu, aliyemwachia huyu jina.

Mgeni akiuona mji wa Babati kwenye picha atasema tumebarikiwa. Huku mlima Kwaraa, umevaa msitu mpaka kichwani. Kule ziwa, na viboko wake wanaokoroma alfajiri kama wazee waliochelewa kurudi kutoka kilabuni. Mji umekaa katikati, chini, kama makombo kwenye bakuli. Sisi tulikuwa chini zaidi, upande wa kuelekea ziwani, ambako udongo ni wa mfinyanzi na maji hayako mbali. Ukiwa mfyatua matofali, huwezi kutafuta mahali pazuri kuliko hapo.

Utotoni sikuhesabu miezi kwa kalenda, niliihesabu kwa pua. Masika ilinukia udongo uliolowa na majani ya maharage, na hewa ilikuwa nyepesi, unaivuta mpaka tumboni. Mwezi wa nane na wa tisa upepo ulikuja na vumbi jekundu la barabara kubwa, likaingia kwenye chumvi, kwenye maziwa, kwenye nywele zilizosukwa jana yake. Tulipiga chafya na kulaani, lakini upepo ulipita na vumbi likapita nao. Kati ya misimu hiyo miwili ndipo ilipokuwepo miezi ya sita na saba, na hapo hewa ilisimama. Baridi ilishuka kutoka mlimani ikajaa pale chini kwetu. Chochote kilichofuka asubuhi, liwe jiko la mama au taka za soko, kilipanda mpaka usawa wa paa, kikasita, kikalala. Kilikaa hapo hadi saa nne, jua lilipopata nguvu, ndipo kikanyanyuka na anga likawa jeupe, utadhani hakuna kilichotokea.

Na ni miezi hiyo hiyo ambayo watu wetu walichagua kuchoma matofali. Hawakuichagua kwa ujinga. Udongo ulikuwa bado laini kwa mvua za masika, mahindi yalikuwa yameshavunwa, na mikono ya watu ilikuwa haina kazi. Lakini sababu kubwa aliniambia baba mwenyewe, siku tuliyokuwa tunakanyaga udongo pamoja, tope limetufika magotini. "Matofali hayataki upepo, Vero. Upepo ukilipiga tanuru, upande mmoja unaungua mpaka unapinda, upande wa pili unabaki mbichi. Tofali linataka hewa iliyotulia." Nilikuwa darasa la tano. Niliona baba yangu anajua kila kitu duniani.

Baba alikuwa mkulima wa mahindi na maharage, mtu wa maneno machache. Hakuwa mlevi na hakuwahi kumpiga mama. Ndiyo maana hasira yangu kwake imekuwa mzigo mgumu kuubeba. Angekuwa mtu mbaya ningeshaitua zamani. Mji wetu ulikuwa umetoka kufanywa makao makuu ya mkoa, na kila mwenye kiwanja alishikwa na homa ya kujenga, lakini baba aliharakisha kuwapita wote. Alifyatua tangu alfajiri, akala amesimama, akayapanga matofali yake juani huku akiyasemesha kama mifugo. "Wewe geuka huku. Wewe utapasuka, nakuona." Anje, mdogo wangu, alikuwa akimfuata nyuma na kuyaamkia matofali, shikamoo kwa kila moja, kisha anajijibu mwenyewe marahaba kwa sauti nene.

Anje alikuwa na miaka mitano, pengo mbele, na mdomo kunishinda mimi. Na alikuwa na kifua. Akikohoa sana, ndani yake kulianza sauti ya kukoroma na kupiga mluzi, na yeye aliipa jina. "Dada, paka wangu ameamka." Alinivuta niweke sikio kifuani pake nimsikilize. Tulicheka. Tulimpa paka yule majina, tukabishana anakula nini. Masika nzima paka alilala. Mwezi wa sita aliamka kila asubuhi.

Kila mtu alijua dawa, na kila dawa ilikuwa ya baridi. Akavalishwa masweta matatu mpaka mikono haikunjiki. Akachuliwa mafuta ya kondoo. Nyumba yetu ya zamani ilikuwa ya miti na udongo, na kidirisha chake kimoja hakikuzidi upana wa sinia. Kazi ya kuziba kidirisha hicho kwa matambara ilikuwa yangu. Niliziba mpaka mwanga haukupita, kisha mama akaingiza jiko la mkaa ndani ili mtoto apate joto. Nilisifiwa. "Vero anajua kuziba," mama aliwaambia majirani. Mpaka leo nikikumbuka sifa ile natamani kumrudishia mtu.

Tulipofunga shule, mama alitutuma tukae siku chache kwa bibi, kijiji cha Sigino, juu ya mji. Nyumba ya bibi ilikuwa kwenye mteremko, na baridi ya pale ilikuwa baridi kweli, ya kung'ata masikio. Siku ya kwanza nilimsubiri paka. Hakuamka. Siku ya pili Anje alikuwa anakimbiza mbuzi wa bibi, sweta moja, miguu mitupu, anapiga kelele. Siku ya tatu niliamka mapema kwenda kuchota maji, nikatazama upande wa mji wetu. Sikuuona. Palipokuwa na mji palikuwa na moshi umetanda mweupe, umelala bapa kama utando wa maziwa juu ya chai, na umekuwa mzito zaidi upande wa chini, upande wa ziwa, upande wa kwetu. Juu yake anga lilikuwa safi. Nilisimama na ndoo yangu mpaka bibi akaniita. Mtoto wa miaka kumi na moja sikuwa na maneno ya kitu nilichokiona, lakini nilikielewa.

Tuliporudi nyumbani paka aliamka jioni hiyo hiyo. Tanuru la baba lilikuwa tayari, refu kuwazidi watu wazima, limepakwa tope pande zote, matundu ya chini yamejazwa pumba zilizoletwa na lori kutoka mashamba ya mpunga ya Magugu. Tanuru la pumba haliwaki kama la kuni. Linafuka polepole kwa siku nyingi, na likishawashwa halizimwi. Kesho yake likawashwa, na mtaani kwetu sasa yakawa matanuru manne.

Basi, sikilizeni. Baridi ilikuwa kali, na ukuta wa tanuru ulikuwa na joto zuri sana. Watoto wote wa mtaa walikimbilia pale asubuhi, tukaegemeza migongo, tukafukia viazi vitamu kwenye majivu. Wazee nao walikuja na vigoda vyao. Mwenye maumivu ya magoti alikaa hapo, na mwenye mafua alikaa hapo. Mama akasema, "Vero, mbebe mwenzako umpeleke kwenye tanuru apate joto la kifua." Nikambeba mgongoni kwa kanga ya mama. Asubuhi ya kwanza, ya pili, ya tatu, mimi ndiye niliyembeba.

Mtu mzima mmoja tu alisema tofauti. Mama Zuhura alikuwa na duka la kona, mwanamke wa Kiislamu ambaye babu yake alikuja kutoka Pwani na mizigo ya nguo, na watu walimwona mwenye kudekadeka kwa sababu alitembea ameziba pua na ushungi. Alisimama mbele ya tanuru akasema, "Baba Vero, huyu mtoto hana baridi. Anavuta moshi wako."

Baba hakukasirika. Alitabasamu. "Mama Zuhura, mimi nimezaliwa kwenye moshi, nikalelewa kwenye moshi. Mbona sijafa?"

Watu walicheka sana. Hata mimi nilicheka, kwa sababu baba yangu hakuwa na kawaida ya kuchekesha watu na nilimwonea fahari. Mama Zuhura akaondoka zake. Lakini yale maneno yalinipa ujasiri, na mchana nilimfuata baba akiziba nyufa za tanuru kwa tope. Nikamwambia, "Baba, tumpeleke Anje kwa bibi mpaka tanuru lipoe. Kule paka halii." Nikamweleza utando niliouona.

Aliacha kupaka, tope likamdondoka mkononi. Mpaka leo naamini kuna kitu kilitikisika ndani yake. Kisha akasema, "Sigino? Kwenye ile baridi? Unataka kumuua mwenzako?" Na akarudi kwenye nyufa zake.

Sikusema tena. Mtoto wa kwetu hamwambii baba jambo mara mbili. Heshima, wanaita. Mimi siku hizi nina jina jingine la heshima ya namna hiyo, lakini mama yuko chumba cha pili.

Asubuhi ya tano nilimbeba kama kawaida. Moshi ulikuwa chini kiasi kwamba sikuona duka la Mama Zuhura. Njiani paka alikoroma mgongoni kwangu, nikamsikia mpaka kwenye mbavu zangu mimi. "Dada," Anje akasema, kwa vipande, "paka amekuwa mkubwa." Nikamwambia atulie, joto liko karibu. Nikamketisha kwenye ukuta wa tanuru, nikajikalisha pembeni, nikachokoa kiazi changu kwenye majivu. Alikuwa ameinama mbele, mikono juu ya magoti, mabega yanapanda na kushuka. Kisha, taratibu, paka akanyamaza.

Nilifurahi. Niwaambie ukweli wote au nisiseme kabisa: nilifurahi. Nikaona joto limefanya kazi, amelala, paka amelala. Nikamfunika vizuri na kanga nikamalizia kiazi changu, kitamu, ngozi imeungua kidogo kama nipendavyo. Mama alipofika na chai, akaufunua uso wa Anje, kikombe kilimtoka mkononi.

Baba alimpakia kwenye baiskeli kumkimbiza zahanati, mama akikimbia nyuma na viatu mkononi. Nilibaki na tanuru. Saa nne, kama siku zote, moshi ulinyanyuka, mlima ukaonekana wote mpaka kileleni, na ndege wakaanza kelele zao ziwani. Nilikuwa natazama anga lile zuri nilipomwona baba anarudi. Hakuipanda baiskeli, alikuwa anaikokota. Hakuna mtu juu yake.

Msibani watu walisema baridi ya mwaka ule imezidi. Walisema hivyo wakiota moto. Tanuru la pumba halizimwi, nimeshawaambia, kwa hiyo waombolezaji waliokosa nafasi ndani walivuta vigoda vyao mpaka kwenye tanuru lile lile, wakanyoosha viganja, wakakohoa, wakasema jamani baridi. Katekista akatufariji kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Sawa, kazi ya Mungu haina makosa. Kazi yetu sisi je? Nani aliyeikagua? Nilitaka kupiga kelele, lakini nilikuwa mtoto, nikapewa sinia la vikombe nikasambaze chai.

Matofali yaliiva vizuri mno. Mekundu, yanalia ukiyagonga. Baba akajenga nyumba hii niliyomo, na katika chumba kidogo cha nyuma akaagiza dirisha kubwa kupita kiasi, mpaka fundi akamtania, "Baba Vero, unajenga nyumba au kanisa?" Baba hakucheka. Chumba kile hakikulaliwa na mtu kwa miaka mingi. Mimi nilikua nikiamini alikosea vipimo na akaona haya kusahihisha, na katika hasira yangu nililifurahia hata kosa hilo.

Alipofariki, mama ndiye aliyenieleza. Alikuwa anakunja mashati ya marehemu, akasema bila kuniangalia kwamba mwaka ule, kabla ya masika kwisha, muuguzi wa zahanati alimwita baba pembeni. Alimwambia mtoto huyu ana pumu, asilale kwenye nyumba iliyojaa moshi, ajengewe chumba chenye dirisha kubwa apate hewa. Ndiyo ile haraka. Ndiyo kula amesimama. Alikuwa anashindana na kifua cha mwanawe, na kwa sababu tofali halitaki upepo, alisubiri hewa isimame.

Nilidhani nikijua hilo hasira itapoa. Haikupoa, ilikosa tu pa kukaa. Ikatoka kwa baba ikaja kwa mama, kwamba muuguzi ametamka neno moshi kwa mdomo wake, na wao wakaelewa moshi wa jikoni peke yake! Na miaka yote hii, kila mwezi wa sita, mama yangu bado anasema baridi. Tumegombana kwa neno hilo mpaka majirani wakaja kutuamulia. Ni juzijuzi tu, nikiwa na mtoto wangu mwenyewe, nilipoelewa kwa nini haliachi. Ikiwa ni baridi, basi wa kulaumiwa ni mlima. Ikiwa ni moshi, ni yeye aliyesema mpeleke kwenye tanuru, na ni mimi niliyembeba. Amelishikilia neno lile kwa ajili yetu wawili.

Lakini leo asubuhi sikuwa na huruma hiyo. Nilivaa kandambili nikafuata harufu. Ilikuwa ni Baba Juniori, jirani wa chini, kijana mchapakazi mwenye pikipiki, tanuru lake limepakwa tope vizuri, linafuka. Nikaanza kwa sauti niliyojaliwa. "Baba Juniori, huoni hewa imesimama? Ungechomea mbali na watu, kule kwenye uwazi!"

"Shikamoo, dada," akasema, mpole kabisa. "Kule ni kwenye upepo. Tanuru litaiva upande mmoja. Na hapa najengea watoto."

Nilifungua mdomo nimjibu, na ndipo nikamwona Juniori. Miaka minne hivi, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mgongo kwenye ukuta wa tanuru, kiazi mkononi hakijang'atwa. Alikuwa amevaa sweta zito la bluu, na mishono ile ni yangu. Ameinama mbele. Mabega yanapanda na kushuka.

"Ana kifua," Baba Juniori akasema. "Anapata joto."

Nikainama nikaweka sikio kifuani pake. Kisha nikavua kanga yangu ya juu, nikamtupa mgongoni, nikafunga.

"Dada, unampeleka wapi mtoto?"

"Juu! Washa pikipiki utufuate barabara ya juu, tunakwenda hospitali. Washa, unanitolea macho ya nini?"

Nilipopita nyuma ya nyumba yetu, dirisha kubwa la chumba cha nyuma lilifunguka. Mama alikuwa amesimama pale, ameshika nondo za dirisha kwa mikono miwili. Alimtazama mtoto mgongoni kwangu, akatazama moshi chini, na nikajiandaa kulisikia lile neno.

"Mpandishe, Vero," akasema. "Mpandishe juu kabisa."

Nikapanda. Nyuma yangu pikipiki ilikuwa inakataa kuwaka, na mgongoni paka wa mtoto wa watu alikuwa anakoroma mpaka kwenye mbavu zangu, nami nilikaza mwendo nikimwomba kwa kila hatua aendelee, alie, apige kelele, asinyamaze.